Tarehe ya Chini Kwenye Cheti

Gari la kutoka Mweiga lilikuwa na abiria watatu tu, kwa hivyo nilisikia yote bila kujitahidi, ingawa ningejitahidi.

"Nyawira, kazi ya kompyuta inaendaje?" mzee mwenye mtungi wa maziwa alimuuliza msichana aliyekaa kando yake.

"Hakuna kazi, guka," alijibu, akimwita babu kwa Kikuyu. "Hata cheti yenyewe iliisha mwezi jana."

"Ati iliisha? Yangu ya ubatizo ni ya kabla mama yako azaliwe, na bado iko sawa."

"Hiyo ulipewa na kanisa. Hii ni ya kampuni ya kompyuta. Inakaa miaka tatu, halafu unarudia mtihani."

Miaka hiyo yote, nilivyoelewa, alikuwa akivuna viazi. Kila ofisi ilitaka cheti na uzoefu, naye alikuwa na kimoja.

"Basi rudia," mzee akasema. Wazee ni wepesi sana wa kurudisha watu shule.

"Nirudie ndio iniishie tena shambani?"

"Mama yako anasemaje?"

"Mama hajui Kizungu. Aliweka cheti kwa ukuta, akaona hiyo tarehe ya chini, ya kuisha, akadhani ndiyo siku nitaandikwa kazi. Alingoja tu, hakuniuliza. Siku ikafika, akachinja kuku na kuita majirani. Nilishindwa kumwambia."

Gari likasimama steji ya Nyeri, mzee akainua mtungi wake.

"Hiyo kuku," akasema polepole, "mimi nilikula."

"Ulikula, guka. Na ni wewe uliomba Mungu abariki hiyo kazi."