Shingo Chini ya Shanga

Mheshimiwa Diwani Sironka, Mchungaji Joram, wauguzi wa zahanati yetu, wazazi wa Kitengela na nyinyi mliotoka Kisaju, sopa!

Mimi ni Soipan, binti ya Kuntai. Nimeombwa nimuage Sista Wayua, muuguzi wetu anayestaafu leo. Mnaniona. Mabaka haya meupe yalinianza mwaka wa tisini na sita, nikiwa mtoto wa shule. Nilipewa kikombe changu peke yangu, na dawati langu peke yangu. Nani wa rika langu hapa hakuambiwa na mamake asinishike mkono?

Nyanya yangu, Koko Nalangu, alinionea uchungu. Akanitungia shanga pana za shingoni, akasema, "Wataangalia hii, wawache ngozi yako." Nikazivaa nyumbani na kanisani. Shuleni nilifunga sweta hadi kidevuni.

Baadaye nikaanza kusinzia darasani na kuhisi baridi jua likiwaka. Wenzangu wakarefuka, mimi nikabaki palepale. Watu wakasema ni huzuni. Huzuni ilikuwepo, tena nyingi.

Sista Wayua alikuja kwetu kuchanja watoto, akaniona nimejikunyata kando. "Koko, hebu mvue hizo shanga nione shingo."

"Unataka wamcheke tena?"

Sista hakubishana. Aliketi chini kwenye vumbi, akangoja, mpaka Koko akazifungua mwenyewe. Shingo ilikuwa imevimba. Koko akalia, "Ni mimi nilimficha!"

"Ulimpenda, Koko. Sasa tumtibu."

Damu ilipimwa Nairobi. Kinga ya mwili wangu, iliyoshambulia ngozi, ilikuwa ikishambulia pia tezi ya shingo. Wazazi, si kila mtoto mwenye mabaka hupata ugonjwa huu, lakini mpelekeni apimwe, msingoje shingo ivimbe. Mimi nameza tembe kila asubuhi, na urefu wangu mnauona.

Mabaka hayakuondoka. Upweke pia haukuondoka. Sista, miaka yote hii mkono wako ndio ulionigusa bila kusita, ukinipapasa shingo huku ukinitania kuhusu wachumba. Sasa unarudi Machakos. Nani atanishika?

Ndugu zangu, wengi wenu mmesimama mlangoni tangu asubuhi kwa kukosa mahali pa kukaa. Huku mbele, viti viwili kando yangu viko wazi, na si vya wageni rasmi. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Sasa narudi kuketi. Karibuni.