Shih Mao-sung (1954–2023), Aliyeitafutia Radi Ukimya

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda nasi kilima hiki asubuhi ya leo, wasifu si mahali pa kumpaka marehemu rangi. Tutamsema alivyokuwa, na hayo yatatosha.

Mzee Shih Mao-sung alizaliwa tarehe 8 Februari 1954 katika mji mdogo wa Ershui, wilaya ya Changhua, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa Mzee Shih Ching-tu, mfanyakazi wa reli, na Mama Lai Chiao, aliyeuza mapera kwenye jukwaa la stesheni. Alibatizwa akiwa mchanga. Mama yake alisimulia mpaka uzeeni kwamba mvua ya radi ilipokuja, watoto wengine walijificha chini ya meza, lakini Mao-sung alikwenda kukaa kizingitini. Siku moja alimpigia kelele: "Ingia ndani wewe! Radi haina macho!" Mtoto akajibu bila kugeuka: "Ndiyo maana naiangalia mimi." Alichapwa kwa jibu hilo, na alistahili. Kizingitini alirudi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ershui, kisha shule ya ufundi mjini Changhua, akahitimu fani ya umeme mwaka 1972. Hakuwa wa kwanza darasani. Walimu walilalamika kwamba hakuwa tayari kuendelea na somo la pili kabla ya kulielewa la kwanza, na tabia hiyo ilimchelewesha katika mambo mengi maishani, yakiwemo mazoezi ya kwaya.

Baada ya utumishi wa jeshi aliajiriwa mwaka 1976 kama fundi umeme katika kiwanda cha mashine za kukatia chuma huko Fengyuan, akakaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 2014. Aliwahi kuagizwa na msimamizi wake atie saini kwamba mashine fulani imekaguliwa. Akasema hajaikagua. Msimamizi akamwambia, "Sung, saini tu, utaikagua kesho." Akajibu, "Basi na saini nitaitia kesho." Kazi ilisimama nusu siku nzima. Hakupandishwa cheo mwaka ule, wala hakulalamika.

Tarehe 19 Desemba 1981 alifunga ndoa kanisani na Bi Hsu Yueh-chin wa Dongshi, mshonaji. Walijaliwa mtoto mmoja, En-chi. Waliishi Dongshi, karibu na wakwe, hadi usiku wa tetemeko la ardhi la tarehe 21 Septemba 1999, ambao hapa hakuna asiyeukumbuka. Nyumba yao ililala chini. Marehemu na mtoto walitoka mapema. Bi Yueh-chin alikaa chini ya boriti mpaka kulipopambazuka, akisikiliza zege likipasuka juu yake. Alitoka mzima wa viungo, tunamshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo mpasuko wowote, wa fataki za mwaka mpya au wa mlango uliobamizwa na upepo, ulimtoa nje mbio. Familia ilihamia Fengyuan.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi wenu mlimjua nalo. Alipostaafu, marehemu alianza kutengeneza koili ya Tesla, mtambo unaoupandisha umeme wa kawaida mpaka ukaruka wenyewe hewani, kama radi ndogo ya mezani. Alijiunga na wenzake waliokuwa wakikutana kila Jumamosi kwenye duka la vipuri mjini Taichung, na mtambo wake wa kwanza ulikuwa wa aina waliyoipenda wao, ile inayopasua hewa kwa kishindo. Aliuwasha nyumbani mara moja tu. Alipouzima alimkuta mkewe amesimama katikati ya barabara, pekupeku, na aproni ya jikoni kiunoni, akiwaambia majirani nyumba inaanguka.

Alimshika mkono akamrudisha, na jioni ile ile akaufungua mtambo wote. Bi Yueh-chin alimwambia: "Sikukatazi, Baba En-chi. Ila mimi na hicho kitu hatukai nyumba moja."

"Na kikinyamaza?"

"Radi inyamaze?"

"Ikinyamaza."

"Ikinyamaza, nitakuja nikae nayo."

Mume mwingine angelichukua neno hilo kama mzaha. Yeye alilichukua kama ahadi, yake na ya mkewe, na kwa miaka iliyofuata kazi yake yote ilielekea hapo: siku moja Yueh-chin akae naye kwenye chumba chake cha kazi, mtambo ukiwa umewashwa, bila kutetemeka.

Alijifunza kwamba umeme ukigeuza mwelekeo mara milioni kadhaa kwa sekunde, cheche huacha kupasuka. Hukusanyika zikawa ulimi mmoja wa moto, laini, kama wa mshumaa usio na utambi. Ni masafa ya juu mno, na kazi ya kuusukuma umeme huo hufanywa na transista, kipande kidogo kuliko kidole gumba. Shida ni kwamba mtambo wa namna hiyo ni mchaguzi. Koili ina mapigo yake, na transista sharti iisukume kwa mapigo hayo hayo, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea. Ukikosea wakati, bembea inakuumiza mkono. Transista ikikosea wakati, inaungua.

Wenzake walimcheka. Rafiki yake Liao Kuo-pin, aliyepo nasi hapa, alimwuliza mbele ya watu dukani: "Wewe Sung, unatengeneza radi au jiko la gesi?"

"Jiko."

"Basi ukimaliza utukaangie mayai!"

Hakukasirika. Alizungusha waya wa shaba kwenye bomba la plastiki kwa mkono, akalehemu, akapima, akazungusha upya. Kabla ya kuuwasha mtambo hata mara moja, aliizungushia kona yake wavu wa shaba kutoka sakafuni hadi darini ili redio na televisheni za majirani zisiharibiwe. Hakuna jirani aliyekuwa amelalamika. Alisema kungoja walalamike ni kuwaibia kwanza.

Lakini mtambo ulikataa. Ijumaa aliurekebisha kwa umeme mdogo ukaenda vizuri kabisa. Jumamosi aliuwasha kwa nguvu kamili, na transista ikafa kimya kimya, ikaacha harufu tu. Hali hiyo iliendelea kwa miaka. Alibadilisha waya, akabadilisha bati la kupoozea, akauchora mzunguko upya. Ijumaa ilikuwa nzuri na Jumamosi ilikuwa harufu.

Hapa lazima tueleze jambo ambalo kanisa letu halilifundishi. Sote tunaijua ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi, inayowekwa juu ya mashine viwandani, hospitalini na kwenye benki ili mashine iwe na adabu. Sharti iwe ya kijani, na tarehe yake isiwe imepita. Marehemu hakuamini habari hizo. Lakini alifanya kazi karibu miaka arobaini katika kiwanda ambamo kila mashine ilikuwa na pakiti yake, na jicho lake lilikwisha kuihesabu kuwa sehemu ya mashine, kama skrubu au kibandiko cha tahadhari. Aliitazama kila siku bila kuiona.

Bi Yueh-chin hakuthubutu kuingia kwenye chumba kile mtambo ukiwashwa. Ulipozimwa aliingia. Jumamosi asubuhi alifagia, akafuta vumbi, na ile pakiti ya kijani aliyoiweka yeye mwenyewe, ambayo marehemu kila alipofanya kazi aliisukuma kando bila kufikiri, akaisogeza tena karibu kabisa na koili. Hiyo ndiyo njia aliyokuwa nayo ya kumsaidia mumewe.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2019 alikuta pakiti imepitwa na tarehe. Aliitupa, akamtuma En-chi dukani. En-chi akachelewa, na marehemu, aliyekuwa hana habari, akauwasha mtambo. Kwa mara ya kwanza ulisimama juu ya koili ulimi wa moto mweupe wenye zambarau pembeni, wenye urefu wa kidole, usio na sauti.

"Mama En-chi! Imewaka!"

Bi Yueh-chin alikuwa kwenye ukumbi, mikono masikioni. Mumewe alizima kwanza, kama kawaida yake, ndipo akamfungulia mlango.

"Imewaka kweli?"

"Imewaka. Umesikia kitu?"

"Sijasikia. Nilikuwa nimeziba masikio." Wakacheka wote wawili. En-chi akafika na pakiti mpya, mama yake akaipokea na kuisimamisha pembeni ya koili, akaipigapiga kama anavyopigwapigwa mtoto mgongoni. "Haya, na wewe kaa hapo uilinde."

Alipotoka, marehemu aliwasha tena. Ikaja ile harufu.

Bi Yueh-chin akasema kutoka ukumbini, kwa unyonge: "Labda wametuuzia ya zamani. En-chi, ulisoma tarehe?"

"Nilisoma, mama! Bado miezi mitano!"

En-chi anasimulia kwamba baba yake aliikodolea macho ile pakiti muda mrefu. Kisha akaichana kidogo pembeni akatazama ndani. Mfuko umepakwa madini kwa ndani, unang'aa kama fedha. Kitu chochote chenye madini kikisimama karibu na koili kinabadilisha mapigo yake. Kila Jumamosi mkewe alikuwa akiigeuza bembea, na transista ilikuwa ikiumia mkono. Marehemu aliirudisha pakiti pale pale ilipokuwa, akauliza chakula kama kipo tayari.

Liao alipoelezwa dukani alipiga meza. "Si uitoe tu! Kusogeza mkono mara moja!"

"Iache ilipo."

"Basi mwambie shemeji aiweke rafuni."

"Liao, iache ilipo."

Akarudi nyumbani akaanza upya. Mtambo uliotangulia uliiamuru koili mapigo ya kufuata. Huu mpya aliuchora uisikilize koili kwanza, kisha uisukume kwa mapigo yake yenyewe, hata yakibadilika kwa kuletewa pakiti, kiti au mtu. Ni kazi ngumu kwa masafa yale, na ilimchukua zaidi ya mwaka. Katika muda huo mkewe alimwuliza mara nyingi, "Pakiti inasaidia?" Naye alijibu, "Inanifundisha." Wapo waliomlaumu kwa kutosema zaidi. Familia inaweka wazi kwamba neno hilo lilikuwa kweli tupu, na kwamba katika nyumba ile halikupata kusemwa lisilo kweli.

Tarehe 2 Januari 2021, saa kumi jioni, aliweka kiti kando ya mtambo, pakiti ikiwa mahali pake, akamwita mkewe. Bi Yueh-chin alikuja mpaka mlangoni akasimama.

"Hakitalia?"

"Hakitalia."

"Kikilia?"

"Kikilia, kesho nakiuza chuma chakavu."

Aliingia, akakaa. Marehemu akawasha. Ulimi ule ukasimama, haukutoa sauti. Bi Yueh-chin alishika kiti kwa mikono miwili, halafu kwa mmoja, halafu mikono yake ikalala mapajani. Baada ya muda alisema pakiti inamzuia asione vizuri, na kwa mwiko wa mbao marehemu akaisogeza kando. Moto ukayumba, ukasimama tena.

"Mbona umeyumba?"

Hapo marehemu alimweleza yote. Mkewe akampiga begani. "Kwa hiyo Jumamosi zote zile ni mimi nilikuwa nakuunguzia vitu! Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kuingia."

Mwezi Machi 2022 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa hospitalini Taichung, na tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao kwa mgonjwa aliyeuliza kila mashine inafanyaje kazi. Alipokosa nguvu za kukaa mezani alimfundisha mkewe kuuwasha mtambo: swichi ipi kwanza, ipi baadaye, na asiguse nini. Alimsahihisha kwa ukali, kwa sababu umeme ule unaua, naye Bi Yueh-chin alimjibu kwa ukali vile vile. Majira ya baridi yaliyopita ndiye aliyekuwa akiuwasha kila jioni, kitanda kikiwa kimesogezwa mlangoni, wakila supu ya figili mbele ya ule moto. Mwanamke aliyekimbia fataki kwa miaka ishirini alikaa na radi, akaishika swichi yake.

Mzee Shih Mao-sung aliaga dunia nyumbani Fengyuan tarehe 14 Machi 2023, alfajiri, akiwa na miaka sitini na tisa, mkewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mjane, Bi Hsu Yueh-chin. Binti, Shih En-chi, na mkwe, Tu Wei-lun. Mjukuu mmoja, Tu Ping, ambaye ameanza kukaa vizingitini mvua inaponyesha. Kaka mmoja, dada wawili, na wenzake wa Jumamosi.

Bi Yueh-chin aliliuliza baraza la kanisa kama pakiti ya kijani inaweza kuwekwa ndani ya jeneza. Wazee walikataa, na walikuwa sahihi. Naye hakubisha. Alisema hata hivyo mahali pake ni pale mezani, na kwamba ikifika tarehe yake atanunua nyingine, kwa sababu leo jioni, baada ya wageni kuondoka, anao moto wa kuwasha.

Bwana ampokee mtumishi wake, ampumzishe katika amani isiyo na kishindo.