Maisha ya Mzee Koti, Mtunza Kibanda cha Juu

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mzee Koti, kwa kuwa koti lake hakulivua hata jua likiwaka vipi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa nne wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi nyuma ya soko kuanzia 1971 hadi 1977, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, hesabu zilimpiga chenga lakini kengele ya kurudi nyumbani hakuikosa hata siku moja.

Mwaka 1984 aliajiriwa kuwa mpagazi wa wapanda mlima, na mwaka 1996 akakabidhiwa kibanda cha juu kabisa, kwenye hewa nyembamba, akawafundisha wenzake kanuni moja, kwamba mtu akihema, akitapika na kupauka, basi mlima umemkamata, apewe hewa ya mtungi na kushushwa kukikucha.

Tarehe 2 Juni 1990 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, aliyemkataa mara mbili akisema haolewi na mtu wa mawinguni, wakajaliwa mabinti wawili na kijana mmoja.

Tarehe 9 Agosti mwaka huu, akipokea mitungi ya gesi, mmoja uliteleza ukambamiza ubavuni kushoto, hakukuwa na jeraha wala tone la damu, naye akacheka tu, akasema tumbo lake limebeba makubwa kuliko hayo. Jioni alianza kuhema, kutapika na kupauka, na mpishi wa kibanda, rafiki yake wa siku zote, akaifuata kanuni aliyofundishwa, akampa hewa, akakesha naye hadi machela ilipoondoka kulipokucha. Hospitalini daktari alikuta bandama imepasuka na ini limechanika, akampasua na kumwongezea damu, lakini maji yalikuwa yamezidi unga, na baba akafariki alfajiri ya tarehe 11 Agosti. Daktari ametueleza kwamba huko juu, kuvuja damu kwa ndani na kuzidiwa na mlima hufanana kama mapacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, waliochangia damu, na wapagazi waliobeba machela kwa kupokezana. Na wewe mpishi, baba yetu mdogo, uliyesimama nje ya geti tangu asubuhi ukisema umemuua ndugu yako, sikiliza, kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji marehemu alimwambia mama, "Mwambieni asijilaumu, kanuni ile niliitunga mimi." Inatuuma sana, lakini hatuna kinyongo nawe, na mama anasema jeneza halinyanyuliwi mpaka uje ushike mbele.

Mzee Koti, mume, baba na babu, pumzika kwa amani.