Mama Kadi na Mstari wa Tisa

Ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imemteua mtoto wa wifi wa marehemu awasomee maisha ya mama huyu, kwa sharti alilolitoa mwenyewe akiwa hai kwamba pasifichwe kitu, kwa maana, alisema, maiti hana haya na walio hai bado wana watoto wa kuzaa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kadi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la baba yake, akiwa wa pili kati ya watoto watano. Alianza shule ya msingi Januari 1960, akasoma sekondari ya wasichana kuanzia 1967 hadi 1970, alikosifika kwa hesabu na kwa mdomo, kisha akaingia chuo cha ukunga, akahitimu Novemba 1974 na kupangiwa wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, yenye vitanda kumi na viwili na mzani mmoja uliomwibia kila mtoto robo kilo, kasoro ambayo aliijumlisha kichwani kwa miaka sita mpaka ulipoletwa mwingine.

Tarehe 9 Agosti 1975 aliolewa na mtoto wa mjomba wake, fundi umeme, mtu mpole ambaye hadi leo husema kwamba alichaguliwa mke na hakuchaguliwa vibaya. Mama wa bibi harusi na baba wa bwana harusi ni tumbo moja, hivyo shangwe zilikuwa za nyumba moja, na mzee mmoja alisimama akasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, ukumbi mzima ukacheka.

Binti yao wa kwanza alizaliwa tarehe 3 Mei 1977, mzima wa afya, na leo ni mwalimu. Wa pili, mvulana, alizaliwa tarehe 20 Januari 1980, akanyonya siku tatu vizuri, kisha akaanza kutapika na kuwa wa manjano, akafariki tarehe 5 Februari, na wa tatu, msichana, aliyezaliwa tarehe 11 Septemba 1982, alipita njia ileile, akafariki tarehe 2 Oktoba. Maneno yalisemwa, kama kawaida yetu, wako waliosema ana mkosi na wako waliosema mikono inayopokea watoto wa wenzake haiwezi kushika wake, na aliyasikia yote, akarudi kazini.

Sasa hapa ndipo alipotaka pasomwe polepole. Katika kila mimba marehemu alijijazia kadi ya kliniki mwenyewe, akiona haya kuwasumbua wenzake, na katika mstari wa tisa, unaouliza kama mke na mume wana undugu wa damu, aliandika hakuna. Hakukusudia kudanganya, ila katika ukoo wetu mabinamu wakioana undugu wao hufungwa siku ya harusi, na kumwita mumeo binamu ni utovu wa adabu, kwa hiyo madaktari waliosoma kadi zile walitafuta maambukizi, wakatafuta maji machafu, wasitafute kwenye damu.

Mtoto wa nne, mvulana, alizaliwa tarehe 7 Juni 1985, na siku ya tisa akaanza kutapika. Tarehe 18 Juni mama mzazi wa marehemu na mjomba wake, ambaye ndiye baba mkwe, walikuja pamoja wodini, wakamsalimia daktari wa watoto, naye akaona mwanya mmoja kwenye vinywa viwili, akauliza hawa ni nani na nani, na alipojibiwa kwamba ni ndugu wa tumbo moja, huyu mama wa mke na huyu baba wa mume, akaisoma kadi upya, kisha akaagiza mkojo wa mtoto upimwe. Ikaonekana ni ugonjwa adimu wa kurithi, ambapo mwili hushindwa kuitumia sukari iliyomo kwenye maziwa, hata ya mama, na mtoto huupata pale tu wazazi wote wawili wanapoubeba bila kujijua. Maziwa yakasimamishwa jioni ileile, akapewa ya soya, na mtoto huyo, aliyechelewa kusema lakini si kufanya kazi, ndiye fundi seremala aliyelichonga jeneza hili.

Tangu hapo alitembea na kadi yake ya mimba hiyo mkobani, akiwaonyesha wajawazito na kuwauliza, si kama wana undugu, bali kama wazazi au bibi zao walikua wakilala chumba kimoja, maana swali hilo halikuwa na pa kutorokea. Hakukataza mtu kuoa binamu, akisema watoto wengi wa mabinamu huzaliwa wazima, ila hatari huongezeka, na anayejua hupima mapema.

Mwaka 2004 binti yake alichumbiwa na mtoto wa shangazi yake, kadi za mwaliko zikachapwa, na marehemu akawapeleka wote wawili kupimwa, wakakutwa wote wanaubeba. Aliwaeleza, akawaachia waamue, nao wakaachana, na yule kijana hakumsalimia kwa miaka mitano, hadi alipopata mtoto na mke mwingine, akamletea ampakate. Kijana huyo ndiye anayewasomea historia hii, na watoto wake watatu wamekaa pale mbele.

Marehemu alistaafu mwaka 2012, akaanza kuugua figo Julai 2021, na akafariki tarehe 12 Aprili 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, wakunga wenzake waliopokezana zamu za kumwogesha, na majirani waliopika kwetu wiki nzima bila kuuliza.

Jambo moja alilolikosa maishani ni ukoo kukubali kusema hadharani, kwani kila alipotuomba tulimwambia ya ndani yabaki ndani. Jana mchana kwenye kikao, mgane aliiomba ile kadi, akafuta neno moja katika mstari wa tisa, akaandika kwa mkono wake: upo, mimi ni mtoto wa mjomba wake.

Pumzika kwa amani, Mama Kadi, mstari umejazwa.