Mzee Grisi Avua Sare

Tarehe 30 Juni, Mzee Grisi, fundi wa bembea katika bustani yetu ya watoto, atarudisha funguo za karakana na kustaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake halisi lipo kwenye faili. Ukilitaja hapa kazini watu wanatazamana.

Aliajiriwa kama kibarua wa kufyeka nyasi. Siku moja bembea ilikuwa ikilia kwa kutu, akashindwa kuvumilia, akaomba grisi, na kwenye nyasi hakurudi tena. Kila asubuhi kabla geti halijafunguliwa hupanda kila bembea mwenyewe, akisema kama imembeba yeye na kitambi chake, mtoto ana wasiwasi gani. Mwaka fulani alinasa kwenye kiti cha watoto wachanga, kile chenye matundu ya miguu, tukamtoa kwa grisi yake mwenyewe huku wazazi wakishangilia nje ya geti. Miaka yote hiyo, hakuna mnyororo uliokatika mtoto akiwa juu.

Kuna jambo moja tulilomtania bila kulielewa. Hata siku ya mapumziko, akimleta binti yake kucheza, alikuja na ovaroli ya kazi. Tulimuuliza kama hulala nayo. Yeye alicheka tu.

Mkewe, muuguzi, ni Mzungu, na binti yao alizaliwa na rangi ya mama yake kabisa. Wakija wote watatu, watu waliwakodolea macho, wakaridhika. Akija peke yake na mtoto, amevaa shati la kawaida, hakukaa kwenye benchi muda mrefu kabla ya kuulizwa mtoto huyo amemtoa wapi. Siku moja mwanamke mmoja alimshika binti mkono akampeleka kwa mlinzi, akidhani anaokoa mtoto, huku binti analia akimwita baba yake. Baada ya hapo Mzee Grisi akaanza kuja na sare hata siku za mapumziko. Akiwa na sare hakuna aliyemuuliza kitu, kwa sababu hakuna aliyemdhania kuwa baba.

Ndiye aliyepigania agizo analosomewa kila mlinzi mpya: mtoto aliyetulia na mtu aliyemleta, asiulizwe ni wa nani. Familia nyingi zinapita getini leo bila kujua wa kumshukuru. Yeye mwenyewe hakulifaidi. Binti alikua, akaenda kusoma mbali, akaolewa hukohuko. Mwaka jana tu, akipaka grisi, alituambia kwamba binti akiwa mdogo alimwomba aje siku moja na shati, kama baba za wenzake, naye akamjibu wiki ijayo. Wiki hiyo haikufika. Jioni watoto wakishaondoka huwa anasimama kwenye bembea ya mwisho, ameshika mnyororo, akiusukuma taratibu bila mtu. Anamkumbuka mwanawe, na sisi hujifanya tuna kazi upande wa pili.

Mwezi ujao binti anakuja na mwanawe wa kiume, ambaye kwenye picha amechukua weusi wote wa babu yake. Huko wanakoishi, sasa ni binti anayeulizwa bustanini mtoto huyo ni wa nani. Mzee Grisi aliposikia wanakuja, alikwenda stoo kuomba aachiwe ovaroli moja, ya kumbukumbu, alisema. Mtunza stoo, ambaye hajawahi kumnyima kitu, alikataa katakata. "Safari hii hapana, mzee wangu," alimwambia. "Shati unalo."

Asante, Mzee Grisi, kwa mikono yako na uvumilivu wako kwetu. Pumzika, kula vizuri, msumbue mkeo kidogokidogo. Tunakutakia maisha marefu yenye afya na wageni wengi nyumbani. Siku utakayokuja na binti, pitia geti kubwa, ukae kwenye benchi. Bembea tutakuwa tumezijaribu sisi. Ukiona mlinzi anakusogelea, usishtuke. Anakuja kumsalimia mjukuu wako.