Unga wa Maganda ya Kaa

Basi lilikuwa nusu tupu, lakini hakuna aliyetaka kukaa karibu na dada mmoja wa maabara aliyepakata ndoo ya maganda ya kaa. Aliyekubali kuketi naye ni mama mmoja mshonaji. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimeziba pua kwa adabu.

“Mwanangu, uvundo huu unaupeleka wapi?”

“Shikamoo, mama. Naupeleka maabara. Tunayasafisha maganda, tunayafanya unga, kisha tunautumia kuchujia maji. Unanasa madini ya risasi.”

Mama alisema kwamba kisima chao kiko nyuma ya kiwanda cha betri, na kwamba kitinda mimba wake amepimwa damu akakutwa na risasi hiyo hiyo. Mwaka jana mtoto huyo alihesabu hadi mia. Sasa akifika ishirini anapotea.

“Basi nigawie unga huo leo.”

“Bado tunaupima, mama. Ukishajaa risasi hauchuji tena, na kwa macho huwezi kujua. Nitakuwa nimekupa imani, si maji safi.”

“Na usiponipa, mwanangu atakunywa nini jioni?”

“Si mchote kwingine?”

“Kwingine ni wapi?”

Basi liliposimama penye maabara, dada aliinuka. Mama alisema kituo chake bado kiko mbali, lakini akashika ndoo upande wa pili, wakashuka pamoja, wakiendelea kubishana.