Daftari Tulilolishuku

Ndugu waombolezaji, familia imenituma nisome maisha ya dada yetu, mimi mdogo wake niliyefundisha naye shule moja miaka kumi na tisa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1975, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1989, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha hesabu. Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na fundi umeme, shemeji yetu huyu hapa, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2011 alianza kutembea na daftari jeusi, kipindi kikiisha anaandika, akiulizwa anajibu, "Najichunguza," nasi hatukuamini, tukasema huyu ni jicho la wakaguzi, akiingia ofisini tunakatiza mazungumzo, hata wanafunzi wakanong'ona kwamba anaorodhesha watakaofukuzwa. Siku moja daftari likatoweka, likafika kwa mwalimu mkuu, mkamshuku katibu wa ofisi hadi leo. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, aliyelipeleka ni mimi.

Mwalimu mkuu alilisoma mbele yetu akitafuta majina yetu, asikute hata moja, akakuta makosa ya dada tu: "Wiki hii wa mbele nimewauliza mara sitini na mbili, wa nyuma mara nne. Binti wa dirishani sijamwita kwa jina tangu muhula uanze. Atajuaje kwamba darasa hili ni lake pia?"

Jioni ile dada aliniambia, "Ungeniomba tu, ningekupa," wala hakunitaja kwa mtu. Akaendelea, akawauliza wanafunzi ni wakati gani wanajiona wageni darasani, akabadili viti na namna ya kuuliza, na binti wa dirishani, aliyekuwa akikosa siku mbili kila wiki, akaanza kufika kabla ya kengele.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2021, akatutoka Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mlioacha shughuli zenu, na walimu wenzetu, hata mnaonitazama sasa kwa jicho lile mlilomtazamia yeye, nimelistahili. Mama katibu, msamaha wako nitaufuata nyumbani kwako kwa miguu yangu, si hapa kwenye kipaza sauti.

Dada, lala kwa amani.